Ziwa lisilotoa mto: uchambuzi wa kisa cha anayeanza kuchora ramani za dunia ya kubuni

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita na sasa yuko nyumbani Kirumba, Mwanza, akisubiri chuo. Muda huo ameuweka kwenye hadithi ndefu anayoiandika, hadithi ya dunia ya kubuni isiyo na bahari hata tone. Ina ziwa moja kubwa, visiwa ndani yake, na falme nne zinazogombea mto mmoja tu unaotoka kwenye ziwa hilo. Anayeshika mdomo wa mto ndiye anayetoza ushuru, ndiye anayeamua nani apite na nani arudi. Hadithi nzima imesimama hapo. Ramani aliitaka ili ajue nani anakaa wapi, na jeshi likitoka kisiwani alfajiri linafika bara saa ngapi.

Siku aliponifuata alikuwa amekwama. "Shikamoo mjomba. Mito yote inaingia ziwani, hakuna hata mmoja unaotoka." Alikuwa ameshachora ziwa, ameshainua milima, ameshaweka miji na mipaka. Kila kitu kilikaa alipotaka isipokuwa ule mto, na bila mto huo hana hadithi.

Kazi yangu ni upimaji ardhi, ramani nakutana nazo kila siku. Kisa hiki nimekichukulia kwa uzito kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo masomo mengi ya kompyuta kwa wanaoanza hayaligusi: programu ya ramani huishiki kwa kuzunguka vitufe vyake vyote. Unaishika siku unapoiuliza swali moja la kweli kuhusu nchi yako ya kubuni na kulifuata mpaka likupe jibu.

Programu aliyoichagua

Alichagua Fantasy Map Generator ya Azgaar. Ni ya bure, inafunguka ndani ya kivinjari, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Kwa kijana wa hapa kwetu ina faida nyingine kubwa: ukurasa ukishafunguka, hesabu zote zinafanyika kwenye kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo bando haliishi kwa kasi.

Zipo nyingine. Inkarnate inatoa picha za kupendeza sana, ila unafanya kazi kwa kutegemea intaneti na vitu vingi vizuri viko upande wa kulipia. Wonderdraft unainunua mara moja na kuisakinisha. Campaign Cartographer ni ya siku nyingi, imejengwa kwa mantiki ya programu za michoro ya kihandisi, na anayeanza hutoka jasho kabla hajaizoea. Zote tatu zinafaa, lakini zinachora kile unachoziambia. Ukichora mto unaopanda mlima, mto utapanda mlima. Hii ya Azgaar inafanya hesabu: inatazama mwinuko, mvua na joto, kisha inaamua maji yapite wapi. Kwa mtu ambaye hadithi yake imesimama juu ya mto, huo ndio uchaguzi ambao na mimi ningempa.

Ugumu ulikuja hapo hapo. Programu inayofanya hesabu haikubali kila unachotaka. Inakujibu kwa mujibu wa ulichokiweka, na usipojua umeweka nini, utadhani imeharibika.

Alivyojifunza mwanzoni

Alianza kama wengi wanavyoanza, kwa video. Mwalimu anafungua menyu ya kwanza, anaeleza kilichomo, anahamia ya pili. Tabaka la mito, la mipaka, la barabara, la dini, la joto, la mvua. Mpwa wangu alifuata na daftari mkononi, akaandika kila kitufe kinafanya nini. Daftari hilo nimelisoma, ni kazi safi ya mtu makini. Lakini alipofika mwisho wake alikuwa anajua kubadili rangi ya mpaka wa ufalme na mwandiko wa majina ya miji, na hajui kwa nini mto unaanzia pale unapoanzia.

Kitu ambacho daftari halikuwa nacho ndicho kinachobeba programu nzima. Ramani ile imegawanywa katika visehemu vidogo vinavyoitwa seli, kwa kawaida kama 10,000 hivi. Kila seli ina mwinuko wake, kwa kipimo cha 0 hadi 100. Seli yenye mwinuko chini ya 20 ni maji. Ya 20 na kuendelea ni nchi kavu. Maji ya mvua yanatoka kwenye seli moja na kwenda kwenye jirani iliyo chini kuliko zote, kutoka hapo yanakwenda kwenye iliyo chini zaidi, na yakikusanyika vya kutosha programu inachora mto. Basi. Hakuna muujiza. Anayeelewa aya hii moja amepata zaidi ya alichokuwa nacho mpwa wangu baada ya kujaza daftari.

Tulipoketi mbele ya laptopu yake nilimwomba asiguse kitu, atazame tu maji. Kandokando ya ufukwe kulikuwa na vivuli vya bluu vilivyofuatana, chepesi karibu na nchi kavu, kizito zaidi kuelekea katikati. Nikamwomba atafute mahali popote kwenye ramani penye ziwa dogo ambalo programu yenyewe ilikuwa imeliweka. Tukalipata moja milimani. Lilikuwa na rangi moja tu, halina vivuli.

"Kwa nini langu lina vivuli na hili halina?" akauliza.

Kwa sababu programu iliona lake ni bahari. Vivuli vile ni vya kina cha bahari, na ziwa haliwekewi. Tulipopeleka kishale juu ya maji na kusoma maelezo ya seli, ikathibitika. Kama ni bahari, basi kila kitu alichokuwa anakilalamikia kilikuwa sahihi: mito inaingia baharini, na baharini hakutoki mto.

Ukuta wa darasani

Programu inatofautisha bahari na ziwa kwa kanuni moja rahisi. Maji yanayogusa ukingo wa ramani ni bahari, kwa sababu inachukulia kuwa yanaendelea nje ya fremu. Maji yaliyozungukwa na nchi kavu pande zote ni ziwa. Ukubwa hauna neno. Unaweza kuwa na maji yaliyojaa nusu ya ramani yakawa ziwa, na kidimbwi kilichogusa pambizo kikawa bahari.

Ziwa la mpwa wangu lilikuwa limegusa ukingo wa juu. Nikamuuliza kwa nini amelichora hivyo. Akaniletea mchoro wake wa penseli, ule aliouanza kabla ya kompyuta. Nchi iko kusini, mashariki na magharibi; kaskazini maji yanaendelea mpaka karatasi inaisha.

Mchoro ule nilijua umetoka wapi, na nadhani yeyote aliyesoma shule ya msingi Kanda ya Ziwa atajua. Ramani ya Tanzania inayobandikwa ukutani darasani hulikata Ziwa Victoria pale mpaka wetu na Uganda unapopita, nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Mtoto anakua akiliona ziwa lina ufukwe wa kusini tu. Ukipanda kilima cha Bugando ukatazama, jicho nalo linakwambia hivyo hivyo: miamba, ghuba, visiwa, kisha maji yasiyo na mwisho. Aliyezaliwa Mwanza analijua ziwa hili kwa mikono na kwa tumbo, anajua sato na sangara na bei ya dagaa Mwaloni, lakini kaskazini yake hajaiona isipokuwa amesafiri.

Hata waliochora ramani kwa ajili ya dunia nzima walipita kwenye shida hiyo hiyo. Mwaka 1856 ilitoka ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, iliyotokana na habari za wafanyabiashara wa misafara, na ndani yake maziwa ya Afrika Mashariki yaliunganishwa kuwa ziwa moja refu la kutisha. Mpelelezi Mwingereza Speke alifika ufukweni hapa Mwanza Agosti 1858, akaona upande wa kusini tu, akaamini amepata chanzo cha Nile bila kuuona mto ukitoka. Mabishano Ulaya hayakwisha mpaka mpelelezi mwingine, Stanley, alipolizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875 na kuonyesha kwamba ni moja, lina ufukwe pande zote, na maji yake yanatokea kaskazini, pale Jinja. Wenyeji wa kila ufukwe walijua sehemu yao siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuziunganisha sehemu zote kwenye karatasi moja.

Nilimweleza mpwa wangu haya kwa kirefu, na sioni kama nilimpotezea muda. Baada ya hapo hakuhitaji kuambiwa afanye nini. Alisema mwenyewe: "Inabidi nichore na Uganda yangu."

Kufunga ufukwe wa kaskazini

Kuna njia ya mkato ambayo wengi wangemshauri. Programu inakuruhusu kuongeza mto kwa mkono: unabofya seli unazotaka mto upite na unajitokeza. Sikumpeleka huko. Mto wa mkono unaridhisha macho, lakini mwinuko wa chini yake unabaki ule ule, na kesho akitaka kuweka mji wa bandari au kubadili mvua, kila kitu kitapingana na mto huo.

Akafungua kihariri cha mwinuko, akachukua brashi ya kuinua ardhi na kuweka ukanda wa nchi kavu karibu na ukingo wa juu, akiacha maji kidogo nje yake. Ukanda huo ulikuwa mwembamba na wa chini, seli chache zenye mwinuko uliozidi 20 kidogo tu. Alipomaliza na programu ikahesabu upya, ukanda ulikuwa umepasuka na maji yameungana tena na ukingo. Hapo pia programu haikukosea. Ziwa lililotenganishwa na bahari kwa kizuizi kidogo cha chini hufunguliwa, kwa hoja kwamba maji yake yangeshakivunja kizuizi hicho zamani. Ikabidi alipunguze ziwa lenyewe, aupe ufukwe wa kaskazini nchi pana yenye vilima hadi ukingoni.

Vivuli vikatoweka. Ziwa likawa ziwa. Mto bado hautoki!

Sehemu hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo alipoanza kufikiri kama mtu wa ramani. Akauliza: ziwa linaishije bila kutoa maji? Linaishi kwa mvuke. Kama maji yanayoingia ni machache kuliko yanayopaa na jua, ziwa halifuriki, halina haja ya mto, na chumvi inabaki ndani yake. Programu ilikuwa imeliorodhesha kuwa ziwa la chumvi. Ziwa Victoria letu lingeweza kuwa hivyo kabisa: sehemu kubwa ya maji yake, kama asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na maji mengi yanayoondoka yanaondoka kwa mvuke. Kagera, Mara, Simiyu na mito mingine yote inaleta sehemu iliyobaki. Nile inachukua kile kinachozidi.

Basi akaenda kwenye mipangilio ya hali ya hewa. Nchi yake ilikuwa imewekwa mahali pakavu. Akaisogeza karibu na ikweta, akaongeza mvua kidogo kidogo huku akitazama. Ziwa likageuka kuwa la maji baridi, yasiyo na chumvi, na upande wa magharibi, katikati ya misitu ya ufalme ambao kwenye hadithi ni maskini kuliko zote, ukachomoza mto.

Upande siyo. Lakini kufikia hapo alishajua pa kushika. Maji yanatokea kwenye seli ya ufukwe iliyo chini kuliko zote, moja tu, kama ilivyo Jinja. Akainua ufukwe wa magharibi, akashusha kidogo ufukwe wa kaskazini-mashariki anapotaka mji wa ushuru uwe, akaiacha programu ihesabu. Mto ukahamia huko, ukashuka kati ya vilima, ukaenda. Alipiga kelele hadi mama yake akaja kuuliza kuna nini.

Kipimio

Mambo matano ya ramani tuliyokaririshwa shuleni, jina, ufunguo, dira, kipimio na fremu, ni mazuri, na anayeanza asiyadharau. Fremu ndiyo imetuletea kisa hiki chote. Kipimio kilitaka kuleta cha pili.

Programu hii huja ikiwa imepangwa kwa ajili ya bara zima. Mpwa wangu alikuwa na sura ambamo mvuvi anavuka kwa kasia kutoka kisiwani hadi bara usiku mmoja na kurudi kabla ya mapambazuko. Nikamwomba achukue rula ya programu na kupima. Umbali aliosoma ni wa wiki nzima ya kupiga kasia.

Tulitumia tunavyovijua. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 lina urefu wa kilomita 3 hivi. Kama kila nukta ya skrini ni kilomita 3, daraja lote na magari yake linaingia kwenye nukta moja. Meli ya Mwanza kwenda Nansio, Ukerewe, inakula kama saa tatu. Ya Bukoba unalala majini. Ziwa Victoria zima lina zaidi ya kilomita 300 kutoka kusini hadi kaskazini na karibu 240 kwa upana. Akapunguza kipimio mpaka ziwa lake likalingana na la kwetu, na kisiwa cha mvuvi kikakaa umbali wa Ukerewe. Usiku mmoja kwenda na kurudi bado ulikuwa mgumu, kwa hiyo kisiwa akakisogeza na mvuvi akampa tanga.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba kipimio kiwekwe mapema kabisa, kabla ya miji, kwa kutumia safari ambayo umewahi kuifanya mwenyewe. Namba kwenye skrini hazina uzito mpaka uzifunge kwenye mwili uliochoka kukaa melini.

Kuhusu kuhifadhi, ni fupi ila lina maumivu. Kihariri cha mwinuko kinafunguka kwa hali tatu: moja inafuta yaliyopo na kuzalisha upya miji, mipaka na majina, moja inavilinda lakini haikuruhusu kubadili ufukwe, ya tatu inaruhusu ufukwe ubadilike huku ikijaribu kulinda vilivyopo, na unaibeba hatari wewe. Programu inaeleza tofauti hizo kabla hujachagua, ila kwa Kiingereza, na mtu mwenye haraka anabofya ya kwanza. Mpwa wangu aliichagua hiyo na majina yote aliyoyatunga yakaondoka. Kilichomwokoa ni faili la ramani alilokuwa amelishusha kwenye flashi. Kuhifadhi ndani ya kivinjari peke yake hakutoshi, hasa kwa anayeazima kompyuta au kutumia za steshenari. Mwingine akisafisha kivinjari, kazi imekwenda. Na ukiifungua programu upya inaweza kukuletea ramani mpya kabisa ya kubahatisha. Shusha faili, lipe jina lenye tarehe, kila unapoinuka.

Majina na miamba

Majina programu inayatunga yenyewe kwa kuiga orodha za lugha mbalimbali, na Kiswahili kimo. Yaliyotoka yalimkera, yalisikika kama ya pwani. Orodha zinaweza kuongezwa, kwa hiyo akaandika ya kwake kwa kufuata mwendo wa majina ya huku, Nyamagana, Nyegezi, Igoma, Ilemela, Busisi, Bugando, Ukara, akiyapindua yasiwe ya mahali halisi. Miji ya falme zake sasa inatamkika na bibi yake bila shida.

Miamba ilikuwa kazi ya mkono. Alama za milima na vilima zimo, lakini hakuna alama ya mawe yaliyopandiana na nyumba zilizojibanza katikati yake. Alishusha ramani katika muundo wa SVG, akaifungua kwenye Inkscape, programu ya kuchora ambayo nayo ni ya bure, akachora mawe matatu juu ya tabaka jipya na kuyanakili kila yanapohitajika. Mawe yale ameyatoa kwenye picha aliyopiga Capri Point, ameyachora kwa penseli kwanza ili apate kivuli cha upande mmoja, na kwangu ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za ramani yake.

Kwa sasa anashughulikia mdomo wa mto. Kwenye ramani kubwa mji wa ushuru ni kidoti, wakati hadithi inahitaji gati, mnyororo wa kufunga njia na kilima cha walinzi. Kuna zana ya kutoa ramani ndogo kutoka kwenye kubwa: unasogeza karibu eneo unalotaka, nalo linakuwa ramani kamili yenye seli zake. Amefanya hivyo kwa kona ya kaskazini-mashariki. Jambo la kwanza aliloangalia, kabla ya kuweka hata nyumba moja, ni maji yanagusa ukingo upi wa fremu mpya. Yaligusa wa kusini, kwa hiyo ziwa limekuwa bahari tena, na safari hii ameliacha hivyo kwa kujua, mto ameuchora kwa mkono kufuata ule wa ramani kubwa, anaendelea na gati.